Usiilaumu ajinomoto kabla ya kutazama saa

Kisa nitakachokusimulia leo kinaniaibisha kidogo kama daktari, lakini nimeona heri nikitoboe kuliko kukifungia kabatini pamoja na faili za wagonjwa.

Jumamosi moja mwaka jana watoto wangu waliamua kumpeleka nyanya yao kula bata katika mkahawa mmoja wa Wachina mtaani Kilimani, Nairobi. Mama alikuwa ametimiza umri wa miaka 73 wiki hiyo. Mkahawa wenyewe si wa fahari. Meza hazina vitambaa, orodha ya vyakula ni karatasi unayoitia alama kwa penseli, na watu huzungumza kwa sauti kama walio sokoni. Mama ana ugonjwa wa kisukari wa miaka mingi, na presha juu yake. Asubuhi na jioni hujidunga insulini ile ya mchanganyiko, ambayo kanuni yake ni kudungwa yapata nusu saa kabla ya kula. Meza tulikuwa tumeomba tuwekewe saa moja jioni. Kwa hivyo ilipogonga saa kumi na mbili na nusu, kabla hatujatoka nyumbani Buruburu, mimi mwenyewe nilimwambia, "Mama, jidunge kabisa, tukifika ni kula tu."

Hilo ndilo lililokuwa kosa, nami ndiye mkosaji.

Barabara ya Jogoo ilikuwa imeshikana, magari yakijongea kama msafara wa mazishi. Tulifika saa mbili kasorobo. Tukaambiwa kwamba bata huchukua muda na kwamba afadhali tungempigia simu mapema. Vile vitafunio vya mvuke navyo vilikuwa na foleni yake jikoni. Ikaletwa birika ya chai ya yasmini, isiyo na maziwa wala sukari. Mama aliionja akaguna, akauliza kama maji yale ni ya kunywa ama ya kunawa. Nami, kwa ujuaji wetu sisi madaktari, nikamsifia: chai ya namna hiyo ndiyo inayokufaa, mama. Akanywa vikombe vitatu kwa heshima yangu. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata chakula cha mchana alikuwa amekidonoa tu, akimwachia bata nafasi.

Ilipata saa mbili na robo hivi kijiti cha kulia kilipomponyoka mkononi. Tulicheka, kwa kuwa vijiti vilikuwa vikituponyoka sote. Kisha nikaona jasho limemtanda kwenye paji la uso ilhali usiku ulikuwa wa baridi. Akamwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Akaanza kumgombeza mhudumu kwa jambo ambalo halikuwapo kabisa.

"Ni ajinomoto!" ndugu yangu akapaza sauti. "Si niliwaambia hawa watu huitia katika kila kitu?" Shangazi akaamuru birika iondolewe mezani. Bwana mmoja wa meza ya jirani akageuza kiti ili atusimulie jinsi binamu yake alivyoshikwa vivyo hivyo baada ya kula tambi za Kichina.

Msomaji, hadi dakika hiyo mama hakuwa ametia chochote kinywani ila chai.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa kijana mhudumu, yule yule aliyekuwa akigombezwa. "Shosho ana sukari?" Kabla sijamaliza kuitikia, alikuwa amekwisha kufungua soda. "Mama yangu pia hufanya hivi," alisema. Nilikimbilia gari nikaleta kipimo changu. Sukari ya mama ilikuwa 2.6, na kwa mtu anayetumia insulini chochote kilicho chini ya 4 tayari ni cha kushughulikiwa mara moja. Alikunywa zaidi ya nusu ya chupa. Baada ya robo saa nilimpima tena nikapata 4.8. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza kwa nini tumemkodolea macho, na bata yuko wapi.

Tulimla bata huyo saa tatu kasoro, na alikuwa mtamu. Lakini njia nzima ya kurudi ndugu yangu alishikilia neno lake la ajinomoto. Hapo ndipo nilipoamua kuandika makala haya, kwa maana niligundua kwamba ndugu yangu si peke yake. Katika zahanati yangu haupiti mwezi bila mgonjwa kuniambia kwamba ameapa kutokanyaga hoteli ya Wachina kwa sababu ya unga huo mweupe. Ukimwuliza chumvi anatumia kiasi gani, hana habari. Ukimwuliza kama humeza tembe zake za presha kila siku, anatazama dirishani.

Hebu basi tuuchambue huu unga unaoogopwa. Mwaka 1908 mwanakemia Mjapani, Profesa Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Tokyo, alitaka kujua ni kitu gani kinachoipa supu ya mwani wa baharini ule utamu usio wa sukari wala wa chumvi. Akakitenga: ni glutameti. Mwaka uliofuata kikaanza kuuzwa kama kiungo kwa jina la Ajinomoto, na jina hilo la kibiashara limekwama hata vinywani mwetu. Glutameti hiyo hiyo imo ndani ya nyanya mbivu unazoungia mchuzi, imo katika jibini na uyoga, na imo tele katika maziwa ya mama anayenyonyesha. Wengi wetu tumeionja kabla ya kujua kuketi. Na ukisoma vizuri maandishi madogo kwenye pakiti za viungo vya mchuzi vinavyouzwa katika maduka yetu, utaikuta katika nyingi kati ya hizo, wala hatujawahi kusikia mtu akisema ameapa kutokula mchuzi wa mkewe.

Sifa mbaya ilianzia Marekani. Mnamo Aprili 1968 daktari mmoja mzaliwa wa China, Robert Ho Man Kwok, aliliandikia barua jarida la New England Journal of Medicine akieleza kwamba kila anapokula katika mikahawa fulani ya Kichina huko, shingo yake hufa ganzi, moyo humdunda na mwili humlegea kwa muda wa saa mbili hivi. Katika barua hiyo fupi alibahatisha sababu kadhaa: huenda ni mchuzi wa soya, huenda ni mvinyo wa kupikia, huenda ni ajinomoto, huenda ni wingi wa chumvi. Jarida likaitia barua kichwa kilichoutaja mkahawa wa Kichina kana kwamba ni ugonjwa. Watu wakaichukua ajinomoto, wakayaacha yale mengine matatu, na chumvi ikaponea hapo hapo.

Tangu wakati huo watafiti wamefanya majaribio mengi ambamo mlaji hajui kama amepewa ajinomoto ama kitu kingine kisicho na athari. Matokeo yake hayajaonyesha ugonjwa unaotegemeka. Wako watu wachache ambao wakipewa gramu 3 au zaidi kwa mpigo, bila chakula, huumwa na kichwa au kuhisi joto usoni kwa muda mfupi. Lakini sahani ya kawaida huwa na chini ya nusu gramu. Ikiwa wewe ni mmoja wa hao wachache na umejichunguza kwa uaminifu, iepuke, hakuna atakayekulaumu. Ninachokataa ni kuifanya jalala la kila tukio linalotokea mezani, kwa sababu siku moja jina hilo litampotezea mtu maisha. Kama yule kijana hangeuliza swali lake, na kama katika familia yetu hapangekuwa na daktari mwenye kipimo garini, huenda tungemlaza mama kwenye viti tukimpepea na kumlaani mpishi huku sukari ikizidi kushuka.

Sasa nirudi kwenye kosa langu, kwa kuwa hapo ndipo pana faida zaidi kwako ikiwa unatumia insulini au unaishi na anayeitumia. Sindano ikishaingia haina breki. Haijui kama kuna msongamano wa magari wala kama tanuri limejaa. Nyumbani unajua chakula kitaiva lini kwa sababu sufuria unaiona. Mkahawani hujui. Tena mkahawa wa namna hii una utaratibu wake wa pekee: chakula hakiji kwa pamoja. Kikapu kimoja huja sasa, kingine baada ya dakika 15, na bata, ambaye ndiye mwenye karamu, huja anapotaka. Kila kikapu kina vipande vitatu au vinne, na katika meza ya watu wanane unaweza kukaa nusu saa ukiwa umekula kipande kimoja tu kisichojaza hata jino.

Kwa hivyo shauri langu ni hili: insulini isafiri nawe mkobani, si tumboni. Chupa au kalamu iliyokwisha kufunguliwa haihitaji barafu kwa safari ya jioni moja, mradi isiachwe ndani ya gari lililoanikwa juani. Jidunge utakapokiona chakula mezani kwa macho yako, si utakapoahidiwa. Najua kwamba kwa insulini ya mchanganyiko ya zamani tunasema nusu saa kabla, na kwamba ukijidunga wakati wa kula sukari inaweza kupanda kidogo kuliko kawaida. Ni kweli, lakini sukari iliyopanda kidogo Jumamosi moja utaishusha taratibu, hali ile iliyoshuka ukiwa katikati ya barabara haikupi nafasi. Muulize daktari wako aina unayotumia, kwa maana ziko za kisasa zinazodungwa wakati wa kuanza kula. Wanaomeza tembe za glibenklamaidi nao wasijidhanie kuwa salama kwa vile hawadungwi. Tembe hizo pia hushusha sukari ya mtu mwenye njaa. Metfomini ikiwa peke yake si kawaida yake kufanya hivyo.

Na ikitokea? Ukimwona mgonjwa wa kisukari anatoka jasho baridi, anatetemeka, anasema maneno yasiyo na mpango au anakasirika bila sababu, usibishane naye na usisubiri kipimo. Kama anaweza kumeza, mpe nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, au vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji. Subiri robo saa, urudie kama hajatengemaa, kisha mpe chakula. Kama amezirai usimtie kitu chochote mdomoni, mlaze ubavu na mkimbilie hospitali.

Hayo ndiyo ya saa. Sasa chumvi, ambayo Dkt. Kwok aliishuku tukaisahau. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana. Kijiko kimoja kikubwa cha mchuzi wa soya wa kawaida kina chumvi zaidi ya gramu 2. Mimi nimewahi kuwatazama watu katika mkahawa huo wakimimina mchuzi huo katika kibakuli, wakazamisha kila kipande mpaka kikabadilika rangi, kisha wakanywa kibakuli chenyewe mwishoni. Hapo umekwisha kumaliza chumvi ya kesho na ya kesho kutwa. Kinyume cha uvumi, ajinomoto yenyewe ina sodiamu asilimia 12 hivi, wakati chumvi ya kawaida ina asilimia 39. Yaani tunamkimbia mwizi wa kuku tukakimbilia kwa mwizi wa ng'ombe.

Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha iliyopanda. Wengi hawajijui, maana presha haipigi hodi. Wengine huijua siku ya kiharusi. Lakini nisikudanganye kwamba Wachina ndio walioileta. Mkahawani mtu huenda mara mbili kwa mwaka. Nyumbani yuko kila siku, na hapo mezani pana kichupa cha chumvi kinachotikiswa juu ya mboga ambayo haijaonjwa bado. Pana chipsi za mchana zilizonyunyiziwa hadi zikang'aa. Pana nyama choma inayochovywa katika kilima cha chumvi kwenye ubao, desturi ambayo naipenda na kuiogopa kwa kipimo kimoja. Mgonjwa wangu akiniambia amekataa mwaliko wa binti yake kwa sababu ya presha, namwuliza kwanza habari za kichupa hicho.

Tukiwa kwenye hesabu, tumtazame bata mwenyewe. Yule wa mtindo wa Beijing huandaliwa kwa subira inayonistaajabisha. Hupulizwa hewa ili ngozi iachane na nyama, humwagiwa maji yanayochemka, hupakwa sharubati ya kimea, huangikwa akauke, ndipo akachomwa tanurini hadi ngozi ikawa kavu kama karatasi. Mafuta mengi humtoka njiani. Mengi, si yote. Katika gramu 100 za bata aliyeokwa pamoja na ngozi yake mna mafuta yapata gramu 28, nazo gramu 100 za nyama bila ngozi zina 11 hivi. Hata hivyo simwambii mtu aiondoe ngozi. Aliyekwenda kula bata wa namna hiyo kisha akaiacha ngozi angekaa nyumbani akapikiwa kuku. Ninachosema ni kwamba huliwa vipande vichache, vikafungwa ndani ya chapati nyembamba mno pamoja na tango na vitunguu vya majani, watu sita au wanane kwa bata mmoja. Anayemla bata nusu peke yake hana wa kumlaumu. Na wewe mwenye jongo, bata pamoja na kamba wa baharini na bia katika usiku mmoja ni kuuita ule uchungu wa kidole gumba uje kwa jina lake.

Nimewataja kamba, na hapa sina mzaha. Vitafunio hivi, ambavyo asili yake ni nyumba za chai za mkoa wa Guangdong kusini mwa China, huonekana kama sambusa ndogo zilizopikwa kwa mvuke. Havikuambii vina nini ndani. Har gow ni kamba watupu waliovikwa ngozi ya unga inayokaribia kuonyesha upande wa pili. Siu mai mara nyingi ni nyama ya nguruwe iliyochanganywa na kamba. Mkate mweupe mwororo wa mvuke aghalabu una nguruwe wa kuchomwa tumboni. Mchuzi wa kahawia juu ya mboga huenda umetiwa chaza. Mafuta ya ufuta hunyunyizwa mwishoni, na njugu huweza kujificha popote. Muislamu au Msabato atauliza kwa ajili ya dini yake, na anajua kuuliza bila haya. Mwenye mzio ndiye anayenyamaza, akiogopa kuonekana msumbufu. Watu wenye mzio wa kamba au njugu hawana kiasi kidogo kisichodhuru ambacho ninaweza kuwaahidi. Midomo ikivimba, sauti ikikwama na pumzi ikianza kupiga mluzi, tembe za mzio hazitoshi. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, na inatakiwa kwa dakika, si kwa saa. Muulize mhudumu kabla ya kutia alama kwenye karatasi, na asipojua mwambie amuulize mpishi. Asipotaka kumuuliza, inuka uende zako.

Jambo jingine linakungoja nyumbani, ndani ya kile kikopo cha plastiki ulichofungiwa mabaki. Wali uliopikwa huweza kubeba kiini kiitwacho Bacillus cereus, ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa katika joto la kawaida, mbegu huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo hata ukiikaanga tena haiondoki. Mtu hutapika vibaya ndani ya saa chache. Jambo hili lilianza kujulikana vizuri nchini Uingereza katika miaka ya 1970 kupitia wali wa kukaanga wa mikahawa ya Kichina, ambako wali wa jana uliachwa jikoni usiku kucha. Bila shaka walioupata walisema ni ajinomoto. Lakini kiini hicho hakina kabila; pilau ya harusi iliyolala ndani ya sufuria inakijua vilevile. Mabaki yaingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Kama umepitia kwa shemeji kwanza, ukakaa mpaka saa sita za usiku, yatupe.

Baada ya hayo yote utadhani ninataka ukae nyumbani. La hasha. Nina ugomvi wa muda mrefu na wenzangu wa taaluma hii, nami nikiwamo, kwa desturi yetu ya kumkabidhi mgonjwa orodha ya marufuku kisha tukamwita anayefuata. Marufuku hoteli, marufuku nyama, marufuku mafuta. Mzee anaichukua orodha hiyo, anaibandika jikoni, na kuanzia siku hiyo anaketi pembeni kwenye kila karamu ya ukoo akiwa na gilasi ya maji. Miezi mitatu akichoka na upweke anaitupa orodha pamoja na tembe. Nimewaona wengi. Wengine nimewaona mara ya mwisho.

Ukiniuliza mimi, meza ya Mchina wa kawaida, yule asiye na vitambaa, ina mengi yanayomfaa mgonjwa kuliko kuku wa kukaanga na chipsi tunaowanunulia watoto kila Ijumaa. Vitafunio vingi hupikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi, bila mafuta ya kuogelea. Mboga za majani huja sahani nzima, ni wewe tu kuomba mchuzi uwekwe kando. Chakula ni cha kugawana, na anayegawana hula kidogo bila kujihurumia. Hata miguu ya kuku, ambayo vijana wetu wanaidharau wakiiona ikiuzwa kando ya njia huko mitaani, hapo wanailipia bei kubwa na kuisifu. Chai nayo hainywewi ili kusukuma chakula. Huko Guangdong na Hong Kong kwenda kula vitafunio hivi huitwa kwa lugha yao kunywa chai tu, nasi Waswahili na wajukuu zetu tulio na chai na mahamri, sioni kwa nini tujifanye wageni wa jambo hilo.

Tulirudi tena mwezi uliofuata. Safari hii bata aliagizwa kwa simu tangu saa tisa, akaahidiwa kuwa tayari saa moja na nusu. Mama alikuwa na kalamu yake ya insulini mkobani, imefungwa katika leso, na mchana alikula ugali wake na mboga kama kawaida kwa sababu nilimpigia simu kumuuliza. Yule kijana mhudumu alitukumbuka. Alileta vikapu viwili vya kwanza, akavifunua mbele ya mama hata kabla ya kumwaga chai. Mama alihesabu vipande, akamtazama bata akitolewa dirishani la jikoni, ndipo akageukia ukutani, akajitanda leso, akajidunga. Wajukuu walikuwa wamemfundisha ile adabu ya Kikantoni ya kugonga meza kwa vidole viwili kumshukuru anayekumiminia chai. Alimgongea kijana mara tatu, na ya nne kwa ajili ya soda.

Ndugu yangu alikuwa bado anainusa supu.